Nani Ameshika Saa

Watanzania wengi wanaifahamu Singida kwa dakika ishirini. Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza linasimama, watu wanashuka kunyoosha miguu, wanachimba dawa, wananunua kuku wa kienyeji na kidumu cha mafuta ya alizeti, honi inalia, safari inaendelea. Ukikutana nao siku nyingine wakakuuliza kwenu ni wapi, ukajibu Singida, nyuso zinachangamka: "Ah, Singida! Kuku!" Mimi ni mtu wa Utemini, kata iliyo ndani ya manispaa hiyo hiyo, na sijapata kumsikia abiria akilitaja jina hilo. Halionekani dirishani.

Biashara ya dirishani ina taratibu zake, na anayekaa karibu nayo huzijua kama mkulima anavyojua mawingu. Dirisha la basi kubwa liko juu, kwa hiyo muuzaji hufanya kazi mkono ukiwa umenyooshwa na shingo imepinda. Noti zake amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, za elfu kidole hiki, za elfu mbili kile, ili asipoteze muda kutafuta. Kisha linakuja swali ambalo halisemwi kwa mdomo: kitangulie nini, kuku au hela? Abiria anaogopa kutoa noti ya elfu kumi kwa mtu atakayepotea kwenye umati. Muuzaji anaogopa kutoa kuku kwa mtu ambaye gari lake limeshawashwa. Nimemwona kijana akikimbia sambamba na gurudumu la nyuma, chenji mkononi, akimpigia kelele mama ambaye ameshafunga pazia na kuamini ameibiwa. Mama yule alifika Mwanza na hadithi yake kuhusu watu wa Singida. Wajanja stendi wapo, sikatai, lakini mara nyingi kinachokula chenji ya mtu ni honi.

Na honi iko mikononi mwa dereva. Abiria hawezi kuongeza dakika, muuzaji hawezi, mji wenyewe hauwezi. Tangu Oktoba 2023, serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya marufuku ya takribani miaka 30, wapo hata wanaotupita wamelala, blanketi hadi masikioni. Hao hawatujui hata kwa kuku.

Ndiyo maana nikisoma habari za meli za watalii zinazotia nanga Zanzibar, Dar es Salaam au Mombasa, najikuta nasimama upande wa wale walio chini ya dirisha. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilikuja Norwegian Dawn, ikiwa na abiria zaidi ya 2,000, na magazeti yakaandika kwa furaha, na haki yao. Watu 2,000 wakishuka siku moja Malindi ya Unguja au Kilindini ya Mombasa ni neema kwa mwenye teksi, mwenye duka la vinyago, mwenye mashua ya kwenda Changuu kutazama kobe. Lakini meli ile nayo ni basi. Inafika asubuhi, jioni inang'oa nanga, na ubaoni, penye ngazi ya kushukia, pameandikwa saa ya mwisho ya kurudi. Meli nyingine hubaki na saa zake zenyewe hata kama nchi iliyo mbele ya pua yake inahesabu saa nyingine.

Humo ndani kuna sheria moja ambayo kila abiria mzoefu anaijua. Ukienda matembezi kwa gari lililopangwa na kampuni ya meli, gari likichelewa, meli itakusubiri. Ukienda kivyako ukachelewa, meli haina habari nawe. Utajitafutia ndege ya kuiwahi bandari inayofuata. Kwa hiyo yale makumi ya dola anayolipa mtalii kupelekwa ufukweni hayanunui ufukwe, maana ufukwe ni bure. Yananunua mtu wa kumshikia saa.

Wapo wanaokataa. Kila meli ina wachache wao, na si lazima wawe vijana wala watu wasio na hela. Wanashuka, wanapita katikati ya papasi wanaowavuta mikono, wanauliza daladala ya kwenda pwani iko wapi. Mombasa watavuka kwa feri ya Likoni, wapande matatu hadi Ukunda, wamalizie kwa tuktuk hadi Diani. Dar es Salaam watatembea kwa miguu kutoka bandarini hadi Feri, wanuse samaki, wavuke kwenda Kigamboni wakiwa wamebanana na baiskeli na matenga, kisha bajaji iwashushe Mjimwema. Unguja watapanda gari la shamba.

Nilikaa mkabala na wawili wa aina hiyo kwenye gari namba 309, la Jambiani. Nilikuwa nakwenda kwenye arusi ya jamaa zetu upande wa mke wangu. Walikuwa mtu na mkewe, wazee, kofia pana, chupa moja ya maji. Gari zile mabenchi yake yanatazamana, dari liko chini, na mtu mrefu hukaa kama anayesali. Juu ya paa ulipakiwa mchele, kitanda cha mbao, na matairi mawili ya baiskeli. Yule bibi alipewa mtoto ampakate kabla hata hatujafika Mwanakwerekwe. Mama wa mtoto hakuomba; alimkabidhi tu, akashughulika na ndoo yake. Bibi akamshika mtoto, akamtazama mumewe, mumewe akatazama saa.

Aliitazama saa ile Tunguu. Akaitazama tena kwenye matuta ya Jozani, mahali ambapo kima punju huvuka barabara na madereva hulazimika kuwa wapole. Kila tuliposimama kumshusha mtu, na kumshusha mtu ni pamoja na kumshushia gunia lake kutoka juu, kumpa salamu za kwao, na kumrudishia mia mbili yake, yule mzee alikuwa akifanya hesabu. Niliifahamu hesabu ile. Ni ya abiria aliyeshuka kununua kuku akasikia injini inaunguruma.

Tulipofika, bahari haikuwepo.

Mtu wa pwani hatashangaa. Upande wa mashariki wa Unguja ni mpana na tambarare, maji yakikupwa yanakwenda mbali hadi miamba inakovunjikia mawimbi, na yanaacha mchanga, madimbwi na majani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, kupwa kwa mchana kunaangukia saa nne, saa tano hivi, ndiyo saa hasa ambayo mgeni aliyeshuka melini asubuhi na kupanda daladala anafika na taulo lake. Ratiba ya meli huuzwa miezi mingi kabla. Jedwali la maji nalo hupigwa mwaka mzima mbele. Aliyepanga ratiba hakulisoma jedwali, au aliona halimhusu.

Wazee wale walisimama kwenye mnazi. Mbele yao, mbali, walionekana wanawake wameinama, vitenge vimefungwa juu ya magoti, katikati ya safu za vijiti. Walikuwa mashambani kwao. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara hapo Jambiani na jirani zao Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na tangu hapo mwanamke wa kijiji kile ana sababu ya kujua umri wa mwezi kuliko mtu yeyote wa pwani. Anapanda na kuvuna bamvua, maji yakiwa nje. Mwani wake unakaushwa, unasafirishwa, unaishia kwenye dawa za meno na vyakula vya viwandani huko walikotoka wale wazee. Ule mnene, uliokuwa na bei nzuri, umewashinda wengi kadiri maji yanavyozidi kuwa ya moto, wakabaki na mwembamba wa bei ndogo. Kazi haikupungua kwa sababu hiyo.

Mzee aliniuliza bahari itarudi saa ngapi. Sikujua, mimi ni mtu wa Singida. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akipanda kutoka ufukweni, kiroba cha mwani kichwani, maji yakimchirizika shingoni.

"Shikamoo, bi mkubwa. Wageni wanauliza maji yatajaa saa ngapi."

"Marahaba. Alasiri, mwanangu. Kuelekea saa kumi ndiyo yatakuwa tele."

Nikamweleza kwamba saa kumi wanatakiwa wawe wamekaribia melini. Akawatazama, akautua mzigo wake, akapumua.

"Meli yao inaondoka na maji yanakuja?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie siku nyingine aje mwezi ukiwa kipande. Atayakuta asubuhi."

Nilifasiri kama nilivyoweza. Yule mzee alicheka, akavua viatu, wakaenda naye mkewe hadi kwenye vijiti, wakitembea kama watu wanaokanyaga mayai kwa kuogopa urumba. Sijui walizungumza nini huko na wale akina mama. Niliona mmoja akimwonyesha bibi namna ya kufunga kamba, na bibi akiifunga vibaya, ikafunguliwa, akafunga tena.

Safari ya kurudi ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Daladala haiondoki kwa saa, inaondoka kwa watu. Gari lilikuwa na abiria saba na konda alikuwa amelala kwenye benchi la nyuma, miguu nje. Mzee akavumilia kidogo, kisha akatoa pochi. Alitaka kununua viti vilivyo wazi. Konda aliamka haraka, akahesabu viti, akahesabu hela, akapiga bodi mara mbili, tukaondoka. Abiria wote tulifurahi, kwani nani hapendi kuondoka? Kabla hatujatoka Paje, viti vile vilikuwa vimeshauzwa mara ya pili: wawili na kuku, mmoja na jokofu dogo, na mwanafunzi aliyening'inia mlangoni. Mzee aliona. Nilingoja alalamike. Akasogea, akampa nafasi mwenye jokofu.

Wengine watasema konda yule alimwibia, na wengine kwamba mzee alikuwa na jeuri ya dola. Mimi naona wote wawili walielewana vizuri kuliko tunavyodhani. Mzee hakununua viti. Alinunua kuondoka, na aliondoka. Viti havikuwa vyake, kama ambavyo havikuwa vya konda, vilikuwa vya watu wa barabarani wanaongoja gari. Ila kuna jambo lilinikera, nalo ni dogo: mama mwenye kuku alitozwa nauli kamili.

Pwani hii haijapata kukosa wapita njia. Kilichobadilika ni mwenye saa. Zamani saa ilikuwa ya upepo. Jahazi zilikuja na kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka, zikarudi na kusi, na katikati ya pepo hizo mbili mfanyabiashara kutoka Muscat au Gujarati hakuwa na pa kwenda. Alingoja miezi. Alipanga chumba, alidai na kudaiwa, aliugua akauguzwa, alioa. Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa zilijengwa na watu waliongojea upepo pamoja na wale waliowapangisha. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita, na maelezo yake ya Mogadishu nimeyarudia mara nyingi: meli ikifika, vijana huifuata kwa mitumbwi, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, anamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mgeni ana nyumba, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Papasi wa Malindi, anayemvuta mtalii shati, ni kitukuu wa vijana wale. Kazi ni ile ile. Alichopungukiwa ni muda. Sahani imeondoka, umebaki mkono unaovuta.

Mombasa, Ibn Battuta alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo aliandika kwamba watu wake wanakula ndizi na samaki, kwamba nafaka inaletwa kutoka pwani ya Waswahili, kwamba misikiti ni ya mbao imara na mlangoni kuna kisima na kata ya kuchotea maji, mtu ananawa miguu ndipo aingie. Usiku mmoja! Nadhani aliyaona yale kwa sababu alifikia kwa watu na kwenda walikokwenda. Angepelekwa mahali palipoandaliwa kwa ajili yake angeandika kuhusu mahali hapo.

Halafu zikaja meli za moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na katika miaka iliyofuata mgeni wa pwani akaanza kuwa na tarehe ya kuondoka kabla hajafika. Bara tulifuata baadaye, kwa reli na kisha kwa lami. Sisemi turudi kwenye jahazi. Miezi mitatu ya kungoja kusi ilikuwa pia miezi ya homa, na wengi wa waliongojea mizigo katika bandari zile walikuwa mizigo wenyewe, watumwa walioletwa kutoka bara. Hilo haliwezi kupambwa. Lakini tofauti ya kukaa kwa sababu upepo haujaja na kuondoka kwa sababu honi imelia, sisi watu wa vituoni tunaijua mwilini.

Kwetu saa huanguka chini siku moja tu: gari likiharibika. Mvua za mwaka fulani, basi moja lilikufa gia karibu na mjini, jioni, na ikasemwa gari la kubadilishia litatoka Dodoma kesho yake. Abiria wakatawanyika kutafuta pa kulala. Nyumba za wageni zikajaa. Mama mmoja wa Mwanza na mwanawe wa kiume wa miaka tisa au kumi wakaishia kwa jirani yangu hapa Utemini, kwa njia ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuieleza vizuri: waliomba kuchaji simu dukani kwake, ikawa chai, ikawa ugali na mlenda, ikawa mkeka.

Asubuhi mtoto aliuliza kama Singida kuna bahari, kwa sababu alikuwa ameona maji akiwa njiani. Tukawapakia kwenye bajaji hadi Ziwa Singidani. Si bahari, na mtoto wa Mwanza, aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria, hadanganyiki kuhusu maji. Aliyaonja akayatema. Chumvi! Alitaka kujua chumvi imetoka wapi ilhali mto wa kuja na chumvi hauonekani, nikamweleza kwamba maji yakiingia humu hayana pa kutokea isipokuwa juani, na jua huchukua maji likaacha mengine yote. Akauliza kama Kindai, ziwa letu la pili, ni hivyo hivyo. Ni hivyo hivyo. Upepo ulikuwa mkali kama kawaida yetu, mawe makubwa yamekaa juu ya mawe mengine kana kwamba kuna aliyeyapanga akaitwa akaenda, na upande wa pili wa maji kulikuwa na flamingo, weupe kwa mbali, waridi wakiruka. Mama yake alikaa juu ya jiwe, viatu mkononi. Alisema amepita Singida tangu akiwa mwanafunzi na alijua ni mji wa vumbi na kuku.

Jirani yangu, ambaye ana moyo wa biashara hata akiwa matembezini, alimweleza kwamba ni mji wa vitunguu pia. Akamweleza vizuri: vya wapi vinakaa muda mrefu bila kuoza, vipi vimekaushwa shingo sawasawa, gunia la lumbesa ni la kumpunja nani. Wale wawili walirudi wakizungumza vitunguu njia nzima, mtoto akanirudia mimi kwa maswali ya chumvi.

Gari la kubadilishia lilifika mchana. Tangu hapo mama yule hupiga simu msimu ukianza, na jirani humpelekea magunia kwa basi, moja mwanzoni, siku hizi matano, sita. Mwaka huu wamegombana. Vitunguu vilipanda bei Mwanza, jirani akapata habari kwa mtu mwingine, akaona ametumika, akamwambia maneno makali kwa simu, nje, mbele ya duka, tukimsikia mtaa mzima. Mama wa Mwanza naye si wa kunyamaza. Imekuja hadi kwangu nisuluhishe, kwa kuwa nilikuwepo siku ya ziwa. Nimesikiliza pande zote mbili na naona kila mmoja ana haki yake, jambo ambalo halijamfurahisha yeyote. Mtoto, ambaye sasa yuko sekondari, ametuma ujumbe kwamba likizo atakuja, mama yake akitaka asitake, na kwamba safari hii atashuka stendi ya Misuna na begi lake lote.